UZI: Kambi ya kutazama meli za futi 1,000 Soo Locks. Na mbona zinaguruma vile zikiingia Poe?

#1 TeziNaOmo
Wakuu salaam. Mlioko Michigan, Ontario na jirani zake, nina hoja moja na swali moja.

Hoja: anayetaka kuona meli kubwa za mizigo kwa karibu asikeshe ufukweni akingoja kidoa kipite upeo wa macho. Aende Sault Ste. Marie (kwa mkato Soo), Michigan, apige kambi siku tatu. Pale mto St. Marys unashuka futi 21 (mita 6.4) kutoka Ziwa Superior kuelekea Huron, na kila meli sharti ipite kwenye loki, yaani chemba yenye malango ambamo maji hupandishwa au kushushwa pamoja na meli. Loki ya Poe ina urefu wa futi 1,200 na upana wa futi 110. Zile meli ndefu, ambazo katika maziwa yote zipo 13 tu, zina futi 1,000 na ushee kwa upana wa futi 105. Toa 105 kwenye 110, gawa kwa mbili. Futi mbili na nusu kila ubavu, yaani sentimita 76, upana wa mlango wa choo.

Swali: meli ikishaingiza omo (pua yake) ndani ya Poe inakwenda polepole kuliko bibi anayetoka sokoni na mzigo kichwani. Lakini hapo ndipo injini inapoguruma, dohani inatoa moshi, maji ya nyuma yanachemka. Kelele zote hizo za nini na mwendo hakuna?

#2 KijanaWaLikoni
Huku Mombasa twakaa Mama Ngina na chipsi zetu, meli zaingia Kilindini mbele ya macho bila hema wala mbu wa Marekani 😂. Swali: Suez nayo si ina loki kama hizo?

#3 MpembaWaOntario
@KijanaWaLikoni Suez haina hata moja, yakhe. Mediterania na Bahari ya Shamu viko karibu usawa mmoja, maji yanapita wazi. Yenye loki ni Panama. Loki inahitajika pale ambapo upande mmoja wa maji uko juu kuliko wa pili.

@TeziNaOmo hoja yako nusu tu. Kwenye mfereji wa Welland, huku Ontario, mtu anaisogelea meli zaidi. Nitarudi.

#4 FundiValvu
Swali la #1 jibu lake ni bomba la sindano. Meli inayoingia kwenye chemba yenye mlango uliofungwa mbele ni kama pistoni. Maji yaliyomo hayana pa kwenda ila kurudi nyuma, yapite chini ya mkuku (uti wa chini wa meli) na kwenye zile sentimita 76 za ubavuni. Kila mita meli inayosogea, maji ya ujazo uleule lazima yatoke kwa kinyume. Kwa hiyo injini inasukuma meli na inasukuma maji pia. Angalia ukutani mbele ya omo: maji yanapanda kidogo. Angalia ubavuni: yanakimbia kurudi nyuma kama mfereji wa mvua.

#5 NahodhaWaNchiKavu
Fundi, hiyo ni kweli lakini haijibu kelele. Nyingi ya hizi meli za futi 1,000 zina propela mbili zenye panga zinazogeuzwa pembe. Injini inazunguka kwa kasi ileile muda wote, anachobadilisha nahodha ni pembe ya panga: mbele, sifuri, nyuma. Kwa hiyo usipime mwendo kwa mngurumo. Meli inaweza kuguruma ikiwa imesimama kabisa. Na maji yanayochemka nyuma mara nyingi ni panga zimegeuzwa kurudisha nyuma, anafunga breki. Meli yenye shehena ya tani elfu sitini haina breki nyingine.

#6 Sina_Haraka
Nafuatilia. Naweka kiti.

#7 MamaWaHema
Wakati mafundi wanavutana, wacha niseme ya kambi, maana uzi umeandikwa kambi.

Pa kulala kuna sehemu mbili za maana. Ya kwanza ni kambi ya manispaa, Aune-Osborn, mashariki mwa mji karibu na kivuko cha Sugar Island. Iko ukingoni mwa mto, chini ya loki, kwa hiyo kila meli inayopanda na inayoshuka inapita mbele ya hema lako. Umeme upo. Imejaa magari ya kambi kuliko mahema, na viwanja vya mstari wa mbele ndivyo vinavyowahiwa, kwa hiyo weka nafasi mapema na utaje kwamba unataka ukingoni. Ya pili ni Brimley State Park, kusini-magharibi, kwenye ghuba ya Whitefish. Pale kuna miti, kuna ufukwe, watoto wanaogelea wakithubutu (maji ya Superior hayana huruma hata Julai). Meli utaziona, lakini kwa mbali; lete darubini.

Brimley ni mchanga. Vigingi vifupi vinavyokuja na hema vinang'oka upepo wa ziwa ukigeuka usiku. Chukua virefu vya inchi 12 na uvipige kwa kulalia, kichwa kikielekea mbali na hema. Acha matundu ya juu ya hema wazi hata kukiwa na baridi, la sivyo pumzi zenu zinageuka matone na asubuhi mnaamka mmelowa mkidhani mvua imevuja. Juni usiku inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo begi la kulalia lisiwe lile jembamba la kulala sebuleni.

Kuni nunua hukohuko. Usizibebe kutoka nyumbani, na mpakani usijaribu kabisa: wadudu waharibifu wa miti husafiri ndani ya magogo. Mwisho wa Mei hadi Juni kuna inzi weusi wadogo wanaouma nyuma ya masikio. Mbu wanawapokea kijiti jioni.

#8 KijanaWaLikoni
Inzi weusi, mbu, baridi, mchanga. Dada @MamaWaHema unatangaza au unatutisha?

#9 MamaWaHema
Natangaza, mdogo wangu. Wa kutishika abaki na chipsi.

#10 OmoPembeni
@NahodhaWaNchiKavu @FundiValvu mmesahau propela ya omo. Kwenye pua ya meli, chini ya maji, kuna handaki linalopita kutoka ubavu hadi ubavu, na ndani yake propela inayosukuma kushoto au kulia. Ile inaendeshwa kwa injini yake. Meli ikinyoosha kuingia katikati ya kuta mbili, propela hiyo inapiga muda wote, na mtu aliyekaa jukwaani anasikia mngurumo wa mbele akidhani ni injini kuu. Tazama maji ya omoni: yakitoka ubavu mmoja kama jungu linalofurika, ndiyo yenyewe.

#11 TeziNaOmo
Maelezo yameshafika matatu na kila moja linaniridhisha. Moshi je?

#12 NahodhaWaNchiKavu
Mzigo kwenye injini unabadilika ghafla panga zikigeuzwa pembe. Mafuta yanaongezwa kabla hewa haijafuata. Dizeli yoyote hufanya hivyo, hata daladala ikipanda mlima.

#13 MwalimuHesabu
Samahani, nipinge pistoni ya Fundi kidogo kwa namba. Sakafu ya Poe iko futi 32 chini ya maji ya usawa wa chini. Meli inayopanda kwa kawaida ni tupu, ina maji ya usawazisho tu. Tuseme imezama futi 20. Sehemu ya njia iliyozibwa ni 105 × 20 juu ya 110 × 32, yaani karibu asilimia 60. Inayoshuka imejaa madini ya chuma, imezama futi 27, lakini inaingia chemba ikiwa imejaa maji ya juu: kina ni 32 + 21 = 53. Imeziba asilimia 49 tu. Kwa hiyo kama ni pistoni peke yake, meli tupu inayopanda ndiyo ingehangaika zaidi. Mnaotazama mara kwa mara, ndivyo ilivyo?

#14 FundiValvu
Mwalimu hesabu safi, umesahau kizingiti. Meli inayoshuka haianzi na sakafu ya chemba, inaanza kwa kuvuka kizingiti cha lango la juu, na pale sakafu imeinuka. Ule mstari mmoja wa zege ndio unaobana maji. Ikishavuka inapata nafasi chini. Ndiyo maana inayoshuka hulalamika mwanzoni kisha ikatulia, na inayopanda hulalamika njia nzima.

#15 Sina_Haraka
Kiti kimepata joto 😄

#16 MpembaWaOntario
Nimerudi. Welland, kwa wasioijua: mfereji wa kilomita 43 na kitu unaounganisha Ziwa Ontario na Erie ukikwepa maporomoko ya Niagara. Uliopo sasa ulifunguliwa 1932. Una loki 8, kwa jumla meli inapanda karibu mita 100, na loki moja ya kupandisha inainua kama mita 14. Soo ni mita 6.4. Kwa kuinuliwa, Welland ni zaidi ya mara mbili.

Pa kukaa: Loki ya 3, St. Catharines, kuna makumbusho na jukwaa, na pia huandikwa meli zinazotarajiwa. Loki za 4, 5 na 6 zimepangana kama ngazi, tena ngazi mbili ubavu kwa ubavu, moja ya kupanda na moja ya kushuka. Loki ya 7 iko Thorold, jukwaa lake zuri. Kuna njia ya baiskeli kando ya mfereji. Unaitazama meli Loki ya 3, unapanda baiskeli, unaikuta Loki ya 7 ukiwa umeshakunywa chai, kwa sababu yenyewe inahitaji karibu nusu siku kumaliza mfereji wote.

Na pale utaona meli za bahari kuu kutoka Ulaya kwa wingi, zenye kutu, majina ya kila lugha.

#17 TeziNaOmo
Lakini ya futi 1,000 huioni Welland.

#18 MpembaWaOntario
Huioni, nakubali. Loki za kule zina upana wa mita 24.4 tu, meli ndefu kuliko zote zinazoruhusiwa ni mita 225.5. Zile 13 zimefungiwa maziwa ya juu maisha yao yote, hazitaonja chumvi.

#19 OmoPembeni
Marekebisho madogo: omo na tezi (sehemu ya nyuma) za Stewart J. Cort, ya kwanza kati ya zile 13 (1972), zilijengwa Mississippi. Zikaunganishwa pamoja zikiwa kama kameli bila nundu, zikaja kwa nguvu zake hadi Erie, Pennsylvania, kupitia bahari na mfereji huohuo wa Welland, ndipo zikakatwa zikawekewa tumbo katikati. Kwa hiyo vipande viwili vya meli moja vimeonja chumvi.

#20 MpembaWaOntario
Haya, nimekubali kusahihishwa na @OmoPembeni.

#21 DadaWaDetroit
Asanteni kwa uzi. Naomba utaratibu wa kujua meli inapita saa ngapi. Programu ya kufuatilia meli inaonyesha ya kushuka inafika 14:00 na nyingine 02:00. Hiyo ya pili ni saa mbili asubuhi?

#22 MamaWaHema
Hapana mpenzi! 02:00 ni saa nane USIKU. Na 14:00 ni saa nane mchana. Hapa ndipo Waswahili wanapokosa meli. Tena hakikisha programu haikuwekwa saa za UTC. Michigan majira ya joto iko saa nne nyuma ya UTC, kwa hiyo 02:00 ya UTC ni saa nne usiku wa jana yake.

#23 KijanaWaLikoni
Saa nne nyuma ya saa nane ni saa nne usiku. Nimepata kizunguzungu bila kupanda meli.

#24 OmoPembeni
@DadaWaDetroit usitegemee saa iliyoandikwa na programu, ile ni makadirio ya nahodha aliyoingiza jana. Tegemea mahali meli ilipo. Inayoshuka ikipita Whitefish Point, rasi ya upande wa Superior, hesabu muda wa saa tatu hivi hadi loki. Inayopanda ikipita De Tour, mdomo wa mto upande wa Huron, hesabu muda wa saa tano, kwa sababu mtoni mwendo una kikomo. Ukungu ukishuka, futa hesabu zote, zinatia nanga na kungoja.

Ukiwa na redio ya baharini, kusikiliza tu: chaneli 12 ni Soo Traffic, meli hujitaja zinapopita alama za mto. Chaneli 14 ni walinzi wa loki wenyewe, na hapo ndipo utasikia meli imepewa Poe au MacArthur. Jambo hilo ni muhimu, kwa sababu jukwaa la watazamaji liko ukingoni mwa MacArthur (ya 1943, futi 800 kwa 80). Poe iko ng'ambo yake. Meli ya kawaida ikipewa MacArthur iko miguuni pako. Ya futi 1,000 itakuwa Poe daima, kwa hiyo panda ghorofa ya juu ya jukwaa, la sivyo utaona ukuta wa chuma tu ukipita.

#25 DadaWaDetroit
Shukrani. Kiingilio?

#26 OmoPembeni
Bure. Ni ya jeshi la wahandisi la Marekani. Utakaguliwa getini, mizigo mikubwa acha garini. Na Ijumaa ya mwisho ya Juni, Siku ya Wahandisi, umma huruhusiwa kuvuka malango na kusimama katikati ya loki. Usiende kati ya 15 Januari na 25 Machi: loki zimefungwa, zinamwagwa maji na kutengenezwa.

#27 MwalimuHesabu
Narudi na fumbo jingine. Kupandisha maji ya Poe ni mita 366 × 33.5 × 6.4, karibu mita za ujazo 78,000. Hakuna pampu, ni valvu na mteremko tu, chemba inajaa kwa dakika kumi na kitu. Swali: meli kubwa ikiwa ndani, maji yanayotumika ni machache kuliko chemba ikiwa tupu?

#28 Sina_Haraka
Machache. Meli imeshachukua nafasi.

#29 FundiValvu
Hapana, ni yaleyale. Meli inaelea mwanzo na inaelea mwisho. Inachukua nafasi ileile chini na ileile juu. Kinachoongezwa ni eneo la chemba mara kimo, basi. Iwe na meli, iwe na bata.

#30 MwalimuHesabu
Fundi yuko sawa kwa valvu, lakini si kwa ziwa. Meli iliyojaa inayoshuka, inapoingia kutoka juu, inasukuma maji ya uzito wake kurudi Superior. Futi 1,000 iliyojaa ni kama 305 × 32 × 8.2, punguza mviringo wa omo na tezi, tani 75,000 hivi. Loki inakula 78,000. Kwa hiyo meli iliyojaa ikishuka, Superior karibu haipotezi kitu! Na ile inayopanda, ikitoka kwenda ziwani, maji ya ziwa yanaingia chemba kuziba nafasi yake, kwa hiyo inagharimu 78,000 pamoja na uzito wake.

#31 FundiValvu
Hmm. Hilo nimelisoma mara tatu. Nakubali nusu. Nusu nyingine nitaikubali nikiona kina kinavyosoma ukutani.

#32 TeziNaOmo
Na hili la ujazo linagusa pesa. Inchi moja ya kina kwa meli ile ni karibu tani 250 za shehena. Ndiyo maana nahodha anajua kina cha maji kwa inchi, si kwa futi.

#33 NahodhaWaNchiKavu
Na ndiyo maana Poe ikifungwa kwa hitilafu hakuna mbadala kwa zile 13. Loki mpya ya ukubwa uleule inajengwa pembeni, pale zilipokuwa loki za zamani, Davis na Sabin, za 1914 na 1919. Watazamaji msishangae kuona kreni na vumbi upande ule.

#34 KijanaWaLikoni
Jina lenyewe, Sault, hutamkwaje? Solti? Saulti?

#35 MpembaWaOntario
"Suu." Herufi nyingine zote ni za mapambo.

#36 MamaWaHema
Kwa wenye watoto: mkiona meli inakaribia, pungeni mikono kuelekea chumba cha nahodha. Baadhi hujibu kwa honi, tatu ndefu mbili fupi. Ziba masikio ya mtoto mchanga kabla, si baada. Na ukichoka na jukwaa, endesha kusini hadi Barbeau, kwenye kivuko cha Neebish: meli zinazoshuka hupita pale kwenye mfereji uliochongwa kwenye mwamba, kuta za mawe pande mbili. Chukua kiti cha kukunja na koti, upepo wa pale hauna adabu.

Wanaotoka Toronto, ni karibu kilomita 700 na mpaka unavukwa kwa daraja. Pasipoti, na viza ya Marekani kwa wanaohitaji.

#37 UpepoWaKusi
Nimesoma yote, hakuna aliyetaja upepo. Meli tupu ina ukuta wa chuma mrefu juu ya maji, upepo wa ubavu unaisukuma kama tanga. Nahodha hawezi kupunguza nguvu kabisa kwa sababu usukani unashika pale tu propela inapotupia maji juu yake. Kwa hiyo anapiga panga mbele kidogo apate usukani, kisha nyuma kidogo asije akagonga lango. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kelele zote, mwendo hakuna. Siku ya utulivu meli ileile inaingia kimya.

#38 FundiValvu
Siku ya utulivu haingii kimya. Pistoni haijui upepo.

#39 UpepoWaKusi
Na kamba ya chuma inayotandazwa mbele ya lango kuzuia meli isiligonge iliwekwa kwa sababu ya pistoni? Kama maji yanaizuia vizuri hivyo, kamba ya nini?

#40 FundiValvu
Kamba ni ya siku injini ikigoma kurudi nyuma. Usichanganye breki na mkanda wa gari.

#41 MwalimuHesabu
Pendekezo: atakayekwenda apige video ya meli moja ikipanda tupu na moja ikishuka imejaa, siku moja, upepo uleule. Kamera isielekee kwenye dohani. Ielekee ukutani, kwenye mstari wa maji, mita chache mbele ya omo.

#42 DadaWaDetroit
Mimi nimeshaweka nafasi Aune-Osborn, mstari wa mbele, wiki ya pili ya Julai. Nitapiga. Simu ikae wima au ilale?

#43 Sina_Haraka
Ilale. Meli ni ndefu.